Kuzama na Kuibuka: Tasnifu za Uzamivu Zimepitaje Uhehe?

UTANGULIZI

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Tasnifu hatuihakiki. Tunaiendea maktaba kama mtu anavyoiendea kamusi: ananyofoa nukuu mbili, ananakili jina la mwandishi na mwaka, anairudisha kwenye shubaka, kwaheri. Lakini tasnifu nayo ni matini. Ina msimulizi, ina wahusika, ina mandhari, ina hadhira iliyolengwa na hadhira iliyosahauliwa. Ina hata ukurasa wa shukrani, na mhakiki makini angeanzia hapo, kwa sababu ndipo mwandishi anapotaja nani alimlipia, nani alimsahihisha, nani alimpa malazi na nani alimpa maneno.

Katika makala haya ninakusudia kujadili namna watafiti wa shahada ya uzamivu wanaohusu nchi yetu walivyolelewa, kuanzia miaka ya 1960 hadi karibuni. Dirisha langu ni Uhehe. Mimi ni mtoto wa Tosamaganga, kilima cha misheni, shule na hospitali kisicho mbali na Kalenga alikotawala Mkwawa. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika pale mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaja Wakonsolata kutoka Italia. Kwa hiyo kwetu mgeni mwenye daftari si kitu kigeni. Tangu enzi za babu zetu watu wamekuja, wameuliza, wameandika, wameondoka.

Ninachotaka kuonyesha ni hiki. Mazungumzo ya vijiweni kuhusu shahada ya tatu huishia kwenye hela: nani kapata ufadhili, wa nchi gani, wa miaka mingapi. Hela ni jambo kubwa, sibishi. Lakini historia inaonyesha kwamba mzamiaji hulelewa na mambo mengine matatu, nayo ni msimamizi anayemfikia, wenzake wanaozamia maji yale yale, na mahali ambapo kile alichoibuka nacho kitapokelewa. Pale yote matatu yalipokuwapo, kazi ilizaa kazi. Pale yalipokosekana, tasnifu ilibaki kuwa kaburi zuri la maneno ya wazee.

KABLA YA SHAHADA: WALIOANDIKA BILA KUULIZWA

Tusianze na vyuo vikuu. Mwaka 1908 afisa wa jeshi la Kijerumani, Ernst Nigmann, alitoa mjini Berlin kitabu kiitwacho Die Wahehe. Kinaeleza historia, mila, sheria, vita na uwindaji wa Wahehe. Angalia nafasi ya msimulizi: ni mtu wa jeshi lile lile lililoibomoa Kalenga mwaka 1894 na lililomwinda Mkwawa hadi alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Aliyehojiwa na afisa wa namna hiyo alikuwa na uhuru gani wa kusema "hapana, huo ni uongo"? Kitabu kina habari nyingi, lakini kinasomwa kama tunavyosoma masimulizi ya mshindi.

Mwaka 1935 kikatoka kitabu kingine, Anthropology in Action, cha G. Gordon Brown na A. Bruce Hutt. Hapa mbinu ni tofauti na inavutia. Mmoja alikuwa mwanaanthropolojia na mwingine mtawala wa serikali ya Kiingereza, na wenyewe waliiita kazi yao jaribio katika Wilaya ya Iringa: mtawala anauliza maswali ya utawala, mtaalamu anakwenda kwa watu kutafuta majibu. Utaona kwamba swali la utafiti linatoka ofisini, jibu linatoka kijijini, na jibu hilo linarudi ofisini. Mwanakijiji ni kisima tu. Anachotewa maji, halafu ndoo inaondoka.

Katikati ya vitabu hivyo viwili kuna kisa cha fuvu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Halikurudi. Miaka ikapita, hadi Gavana Edward Twining alipolitafuta na kulipata katika jumba la makumbusho mjini Bremen, akalikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954 mbele ya Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Ni miaka 56 tangu Mlambalasi. Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha kisiasa, na ni kweli ni cha siasa. Lakini mimi nakisoma pia kama kisa cha utafiti: kitu cha watu kilichukuliwa, kikawekwa kwenye kabati la elimu, kikapewa namba, na wenyewe wakasubiri. Tukikubali usomaji huo, basi swali la kuiuliza kila tasnifu iliyopita kwetu ni jepesi: wewe utarudi lini?

MWAKA 1964: TASNIFU YA OXFORD

Tasnifu ya uzamivu inayojulikana sana juu ya Uhehe ni ya Alison Redmayne, The Wahehe People of Tanganyika, iliyokubaliwa na Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1964. Tuitazame nchi yetu ilikuwa wapi mwaka huo. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilikuwa na miaka mitatu tu. Kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja cha sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ndiyo kwanza ilikuwa inazaliwa mwaka huo huo wa 1964. Mtanzania aliyetaka shahada ya tatu katika historia ilibidi apande ndege. Isaria Kimambo, Mpare, aliipata ya kwake Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967, na kutokana nayo tukapata mwaka 1969 kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare.

Linganisha hao wawili. Mmoja alitoka Uingereza akaja Iringa kujifunza watu. Mwingine alitoka Upare akaenda Marekani kujifunza namna ya kuandika watu wake mwenyewe. Wote walisimamiwa mbali na uwandani, wote waliandika kwa Kiingereza. Je, matokeo yao ni sawa? Hapa ndipo lazima tuwe waangalifu, tusimkaange mtu kwa sababu ya rangi au pasipoti. Redmayne hakuifungia kazi yake Oxford. Mwaka 1968 alichapisha makala ndefu kuhusu Mkwawa na vita vya Wahehe katika jarida la historia ya Afrika, na mwaka huo huo akaandika sura ya Wahehe katika kitabu Tanzania before 1900, kilichohaririwa na Andrew Roberts na kuchapishwa Nairobi. Mwalimu wa shule ya sekondari aliweza kukinunua. Huko ni kuibuka, tena haraka.

Kasoro ninayoiona haimhusu yeye binafsi. Inahusu mfumo. Kimambo alirudi Dar es Salaam, akafundisha, akasimamia, akawa kiongozi wa chuo. Uzamivu wake uliacha kiti na watu waliokaa kando ya kiti hicho. Uzamivu wa Oxford juu ya Uhehe uliacha kitabu kizuri, lakini haukuacha Iringa mtu aliyefundishwa kuuliza maswali yale yale kesho yake. Mtafiti mmoja mwenye bidii hawezi kufanya kazi ya chuo kizima.

MWAKA 1968: WANAFUNZI WAPELEKWA NYUMBANI

Mfano wa pili haukutokea Iringa mjini, bali kusini na kusini-mashariki yetu, lakini ndio ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, iliendesha mradi wa kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Waliotumwa hawakuwa maprofesa. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, watu kama mimi na wewe, wakipelekwa katika maeneo wanayoijua lugha yake kuwahoji wazee ambao baadhi yao waliiona vita kwa macho. Ripoti zao zilikusanywa mwaka 1969, na mpaka leo watafiti wa dunia nzima wanazinukuu.

Ndani ya kazi hiyo alikuwapo Gilbert Gwassa. Yeye na John Iliffe walitoa mwaka 1968 kijitabu cha kumbukumbu za Maji Maji, na Gwassa akaendelea hadi kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya kuanza na kuenea kwa vita hivyo, iliyokubaliwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973. Kumbuka kwamba chuo chenyewe kilisimama peke yake tarehe 1 Julai 1970. Kwa hiyo tasnifu hiyo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kuzaliwa hapa hapa.

Wasomaji wa fasihi mtakuwa mmeshaona ninakokwenda. Katika miaka hiyo hiyo, katika kilima hicho hicho cha Mlimani, Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Mtahini akiuliza "historia ina dhima gani katika tamthilia ya Kinjeketile?" sisi hukimbilia kwenye wahusika na migogoro. Lakini swali lina upande wa pili: ni mazingira gani ya kitaaluma yaliyofanya Maji Maji iwe hewani kiasi kile, mwanahistoria anaizamia na mwandishi wa tamthilia anaizamia? Sidai kwamba mmoja alimwandikia mwingine. Ninasema tu kwamba kulikuwa na wengi katika maji yale yale, na mtu aliyekuwa chini ya maji alijua kuna wenzake juu wanaoshika kamba.

Hata hivyo, mfano huu nao una doa. Tasnifu ya Gwassa ilichapishwa kama kitabu mwaka 2005, tena Köln, Ujerumani. Miaka 32! Yaani utafiti wa Mtanzania, uliosimamiwa Tanzania, kuhusu vita vya Watanzania dhidi ya Wajerumani, umetoka kitabu Ujerumani. Mtu anaweza kucheka au kununa. Mimi nilifanya yote mawili. Somo lake ni kwamba kupata shahada nyumbani si dawa peke yake. Malezi ya mzamiaji hayaishii siku ya kuvaa joho. Yanaendelea hadi uchapishaji, na hapo ndipo vyuo vyetu vilipoachia mkono.

WALIMU WA WALIMU WETU

Sasa tuje kwenye uwanja wetu. Tukiorodhesha shahada za uzamivu za watu ambao vitabu vyao tunavibeba kila siku, tunapata ramani ya ajabu. Ebrahim Hussein, Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, 1975, juu ya maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Penina Muhando, Dar es Salaam, 1983, juu ya sanaa za maonyesho za Wakaguru kama chombo cha malezi. Amandina Lihamba, Leeds, 1985, juu ya siasa na maonyesho baada ya Azimio la Arusha. Tigiti Sengo, Khartoum, 1985, juu ya utambaji wa ngano Zanzibar. Euphrase Kezilahabi, Wisconsin-Madison, 1985, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mugyabuso Mulokozi, Dar es Salaam, 1986, juu ya tendi za nanga za Wahaya.

Mhakiki mwenye haraka atasema: waliobaki waliandika mambo ya nyumbani, walioondoka waliandika mambo ya wenyewe. La hasha. Lihamba alikuwa Leeds akiandika Tanzania tupu. Sengo alikuwa Khartoum akiandika Zanzibar. Kwa hiyo umbali wa msimamizi, peke yake, hauamui mada. Unachoamua ni jambo jingine, nalo ni mtu anabishana na nani kila wiki. Kezilahabi ni mfano. Aliondoka akiwa tayari mwandishi wa Rosa Mistika na Kichwamaji, na shahada yake ya uzamili, iliyomhusu Shaaban Robert, aliipata Dar es Salaam mwaka 1976. Baada ya Madison zikatoka Nagona na Mzingile, riwaya ambazo hadi leo zinatutoa jasho darasani. Tasnifu ilimfungulia mlango wa falsafa, na riwaya zikapita mlango huo. Hapo malezi ya uzamivu yamezaa fasihi, hayakuzaa cheo tu.

Mulokozi naye anatuhusu sisi wa Iringa moja kwa moja. Ndiye aliyeandika tamthilia Mukwava wa Uhehe. Mhaya anaandika tamthilia ya Mkwawa, halafu anaandika tasnifu ya tendi za kwao. Ninamheshimu kwa yote mawili. Lakini swali linaniwasha: je, tendi, sifo na nyimbo za maombolezo za Kihehe zimepata mzamiaji wake wa kiwango kile, aliyekaa miaka minne na wazee, mwenye msimamizi anayejua fasihi simulizi, akaleta nadharia badala ya mkusanyiko? Wahaya walimpata Mulokozi. Wakaguru walimpata Muhando. Sisi tunatajwa sana katika vita, tunatajwa kidogo katika sanaa.

NJAA YA VITABU NA MKATE WA SANDWICHI

Miaka ya 1980 uchumi uliyumba, na vyuo vikayumba nao. Vitabu vipya vikawa adimu, mishahara ikawa ya kuchekesha, walimu wakatazama kusini. Kezilahabi mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha Botswana mwaka 1995. Tunapozungumzia wasomi kuhama, huwa tunahesabu vipindi vya darasani vilivyokosa mwalimu. Hatuhesabu tasnifu zilizokosa msimamizi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akiondokewa na mwalimu anapewa mwingine Jumatatu. Mzamiaji akiondokewa, ni kama mjenzi aliyefika kwenye linta halafu fundi kaondoka na ramani.

Wahisani walikuja na dawa zao. Sweden, kupitia shirika lake la SAREC lililoanzishwa mwaka 1975, ilisaidia sana kwa mtindo uliopewa jina la sandwichi: mtafiti anakaa nyumbani, anakwenda Sweden miezi kadhaa, anarudi uwandani, anakwenda tena kuandika. Uzuri wake ni kwamba nafasi yake ya kazi nyumbani haipotei na familia haivunjiki. Baadaye, mwaka 2008, ukaanzishwa muungano wa CARTA, ulioanza kwa kuunganisha vyuo kadhaa vya Afrika, Dar es Salaam kikiwamo, kwa ajili ya uzamivu wa afya ya jamii. Humo watafiti hukutanishwa katika semina nne za kukaa pamoja, tangu pendekezo la utafiti hadi maisha baada ya shahada. Hilo ndilo ninaloliita wenzako katika maji yale yale. Linanisikitisha jambo moja tu: afya wamepata, sayansi wamepata, fasihi tunapewa pole.

Niliwahi kumuuliza mwalimu mmoja kijana, anayesoma uzamivu huku anafundisha: "Mwalimu, tasnifu inaendeleaje?" Akacheka, akasema: "Kijana wangu, sura ya tatu iko kwa msimamizi. Mwezi wa tano huu. Mimi nimeshasahau nilichoandika." Chuo anachosoma sikitaji, wala si hoja. Kwetu kila mtu anajua ulanzi. Mwanzi mchanga hukatwa ncha kila siku, asubuhi na jioni, ndipo unadondosha. Ukiuacha siku kadhaa bila kuupasha kisu, kidonda kinakauka na ulanzi haupo, hata mvua inyeshe vipi. Tasnifu ni mwanzi wa ulanzi. Hela ni mvua. Kisu ni msimamizi.

MAGUBIKE NA MLAMBALASI: MFANO WA NYUMBANI

Baada ya kulalamika hivyo, ni haki nionyeshe mahali ambapo kazi imekwenda, na pako mkoani kwetu. Tangu katikati ya miaka ya 2000 Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ameongoza mradi wa akiolojia mkoani Iringa, hasa katika mapango ya Magubike na Mlambalasi. Ndiyo, Mlambalasi ile ile ya Mkwawa. Kutokana na mradi huo zimetoka tasnifu za uzamivu kadhaa huko Alberta: ya Pastory Bushozi na ya Katie Biittner mwaka 2011, ya Frank Masele mwaka 2017, ya Jennifer Miller mwaka 2019. Mmoja anasoma zana za mawe na uwindaji, mwingine anauliza mawe hayo yalitoka wapi, mwingine mifupa ya wanyama, mwingine shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Shanga za Magubike zimekadiriwa kuwa na karibu miaka 50,000.

Mtu wa fasihi atauliza, mawe na mifupa yanatuhusu nini? Tazama muundo wa malezi. Pango ni moja, wazamiaji ni wengi, kila mmoja ana sehemu yake, na anayekuja nyuma anamkuta aliyetangulia. Hakuna anayeanza na uwanja mtupu. Watanzania wawili kati yao, Bushozi na Masele, wamekuwa walimu wa akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo mnyororo umefika kwetu. Na mwaka 2019 Willoughby, Biittner, Bushozi na Miller walichapisha pamoja makala kuhusu ganda la risasi ya Kijerumani lililopatikana Mlambalasi, wakalihusisha na Mkwawa na maana ya mahali pale kwa watu wa leo. Msimamizi na aliowasimamia wameketi meza moja. Ganda la risasi limekuwa masimulizi. Hapo akiolojia na fasihi simulizi zimekaribiana kuliko tunavyodhani.

Tatizo lililobaki ni kwamba lugha ya meza ile ni Kiingereza, na digrii zenyewe ni za Edmonton. Sisi tunaweza kuuchukua muundo na kuubadilisha lugha.

LUGHA YA KUZAMIA

Ukilisikiliza neno uzamivu unasikia kuzama. Ni neno zuri, na linawajibisha: anayezama sharti aibuke, vinginevyo tunasema amekufa maji. Kwa muda mrefu mtafiti wa Kiswahili alizama kwa Kiswahili na kuibuka kwa Kiingereza. Siku hizi hali imebadilika: tasnifu za uzamivu za fasihi na isimu ya Kiswahili zinaandikwa na kutetewa kwa Kiswahili katika vyuo vyetu. Ni ushindi mkubwa, na wapo wanaoubeza, eti nani ataisoma nje. Ninawajibu kwa swali: na ile ya Kiingereza, nani ameisoma ndani?

Babu yangu mzaa mama aliwahi kuhojiwa na mtafiti, miaka mingi kabla sijazaliwa. Aliimba, akaeleza majina ya koo, akarekodiwa kwenye kaseti siku mbili. Hakudai hela. Alichouliza hadi anakaribia kufa ni kimoja: "Yule kijana, kazi yake iliisha?" Hakuna aliyejua. Pengine tasnifu ilipata sifa kubwa, pengine haikumalizwa. Kwa mzee yule yote mawili yalikuwa sawa sawa, maana hakuna kilichopanda kilima cha Tosamaganga kumwambia.

Kisheria mambo yana utaratibu. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoanzishwa mwaka 1986, hutoa vibali vya utafiti na hudai ripoti. Lakini ripoti iliyopo Dar es Salaam haijafika kwa babu. Kati ya kabati la Bremen na kabati la Dar es Salaam, mzee wa kijijini haoni tofauti kubwa.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya uzamivu kwetu si historia ya vyeti. Ni historia ya mahusiano kati ya anayeuliza, anayemfundisha kuuliza na anayejibu. Nigmann aliuliza akiwa na bunduki nyuma yake. Brown na Hutt waliuliza kwa niaba ya ofisi. Redmayne aliuliza kwa bidii na akarudisha sehemu, lakini hakukuwa na chuo cha kumpokea kijiti. Gwassa na wanafunzi wa 1968 waliuliza wakiwa wenyeji, kazi yao ikachelewa kuwa kitabu. Wazamiaji wa Magubike wameonyesha faida ya kuzama kwa kupokezana.

Mapendekezo yangu ni machache na hayahitaji mhisani. Kwanza, mkoa wa Iringa una vyuo vikuu sasa, kikiwamo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi za mwisho za wanafunzi wa shahada ya kwanza zipangwe kwa mtindo wa 1968: swali moja kubwa la fasihi simulizi ya Nyanda za Juu Kusini, wanafunzi wengi, kila mmoja kwao. Atakayekuja kusoma uzamivu atakuta shamba limeshapigwa matuta. Pili, mzamiaji awe na wasimamizi wawili na tarehe za kujibiwa zilizoandikwa, ili mmoja akihama au akikaa kimya kamba isikatike. Tatu, tasnifu yoyote iliyotokana na maneno ya wazee iwe na kurasa kumi za Kiswahili chepesi, na nakala yake ipelekwe kijijini, shuleni na Kalenga kabla mwandishi hajavaa joho.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba mtoto wa shahada ya kwanza hana mamlaka ya kuwapangia madaktari. Huenda ni kweli. Lakini wale wa 1968 nao walikuwa wa shahada ya kwanza, na wazee waliowahoji hawapo tena. Wazee wa kwetu wanaojua nyimbo za zamani bado wapo wachache. Mpango wa uzamivu unaochukua miaka kumi kuanza utawakuta makaburini, na hapo hata msimamizi bora, maktaba bora na ufadhili bora havitakuwa na wa kumhoji.